Kusadikika

Kusadikika ni riwaya fupi ya Shaaban Robert (1909–1962), iliyochapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Jina hilo ni la nchi ieleayo angani, ambako waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kufundisha uanasheria. Karama hajitetei kwa vifungu vya sheria bali kwa masimulizi: anaeleza safari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya manufaa na kuishia kifungoni. Kwa mpango huo hadithi yenyewe ndiyo ushahidi, na baraza lililokuja kumhukumu mtu mmoja linajikuta likisikiliza makosa yake lenyewe. Yaweza kupingwa kwamba uhuru anaoupata Karama mwishoni ni hisani ya mfalme tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani kiti cha enzi hakiguswi. Lakini mfalme anaamua baada ya kusikiliza, na wajumbe wote wanafunguliwa pamoja na msimulizi wao.