Nani Anayechagua Wimbo Sebuleni?

Desemba iliyopita, tukiwa nyumbani Hirbadaw kwa likizo, mimi na wadogo zangu tulikubaliana kumnunulia Baba chombo cha muziki cha sebuleni. Wadogo zangu waishio mjini walipendekeza spika inayopokea nyimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni. Baba aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, mtandao ukikatika, itasema nini?" Tulicheka. Hata hivyo, swali hilo limenifuata hadi chuoni, na nimeona nilijibu kwa njia niijuayo, yaani kwa kuitazama historia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Tangu hapo sauti ya mwimbaji wetu iliweza kusikika mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo. Lakini gramafoni ilikuwa mali ya wachache. Wengine walisikilizia barazani na mikahawani, na aliyechagua santuri alikuwa mwenye chombo.

Redio ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1951. Redio za awali zilikuwa za valvu, nzito na zenye kula umeme mwingi, hivyo hazikumfaa mkulima wala mfugaji wa mbali. Kilicholeta mabadiliko ni transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za mkononi kuanzia mwaka 1954. Sasa redio iliweza kuendeshwa kwa betri kavu chache. Katika miaka ya 1960 Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa maarufu vijijini kwa redio na betri zake.

Redio ya kwanza ya Baba ilikuwa ya aina hiyo. Hirbadaw ilikuwa bado katika mkoa wa Arusha, miaka mingi kabla ya mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzimaliza kwa muziki kabla ya taarifa ya habari. Majirani walikaa uani, kwa kuwa sebule haikuwatosha.

Serikali ilielewa vyema nguvu ya mkusanyiko kama huo. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", ambapo watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Sijui chombo kingine cha sebuleni kilichowahi kuchimba vyoo vingi kiasi hicho.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Redio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi zetu kubwa, zikiwamo NUTA Jazz na Morogoro Jazz, lakini ndiyo pia iliyoamua wimbo upi upigwe na upi usipigwe. Bibi yangu hakujua Kiswahili. Siku ilipopigwa ngoma aliyoifahamu alitabasamu, na habari zilipoanza aliondoka. Redio ilikuwa ya taifa zima, lakini haikumsemesha yeye.

Ndipo umuhimu wa redio kaseti unapoonekana. Kwa mara ya kwanza familia ya kijijini iliweza kurekodi, si kusikiliza tu. Katika arusi moja ya ukoo wetu, Baba alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na Bibi akaimba kwa Kidatoga. Kaseti hiyo bado ipo, ndani ya kopo la majani ya chai. Bibi hayupo tena.

Baadaye soko lilifunguliwa. Radio One ilianza mwaka 1994, zikafuata stesheni nyingi za FM, kisha CD, flashi na simu. Mwaka 2021 Spotify iliingia Tanzania, ikaikuta Boomplay tayari ina wasikilizaji. Leo kijana ana mamilioni ya nyimbo mfukoni, nami siubezi utajiri huo. Lakini nyimbo hizo si zake, amezikodi. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde hula takriban megabaiti 72 kila saa, na bando likiisha ukimya unarudi. Tena anayependekeza wimbo unaofuata ni programu iliyotungwa mbali, isiyojua kwamba Hirbadaw ipo. Tumeondoka kwa mchaguzi mmoja aliyekaa Dar es Salaam, tukahamia kwa mwingine ambaye hata anwani yake hatuijui.

Basi tulinunua nini? Tulinunua sabufa ya kawaida yenye redio, tundu la flashi, Bluetooth na waya wa kuungia simu. Nilimwomba muuzaji aachane na maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi, atupigie wimbo tunaoujua, tusikie kama maneno yanaeleweka. Wadogo zangu watapiga nyimbo za mtandaoni wakija. Baba atasikiliza taarifa ya habari. Mtandao ukikatika, kuna flashi.

Katika flashi hiyo, faili la kwanza ni kaseti ya Bibi. Fundi mmoja aliihamisha, na mikwaruzo haikutoka yote. Baba alipoisikia alinyamaza, kisha akaomba ianzishwe upya na mlango ufunguliwe ili majirani wasikie.

Ndugu msomaji, ukienda kununua chombo cha sebuleni, uliza bei, uliza wati, uliza dhamana. Kisha uliza kama kitaweza kupiga sauti ambayo hakuna kampuni inayoihifadhi kwa ajili yako. Kama kaseti ya nyumbani kwenu bado iko kabatini, ihamishe mwaka huu. Utepe huoza, na wanaojua ni sauti ya nani wanapungua.