Josho na Mguu wa Mbwa

Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, kusini-mashariki mwa Voi, na huko mbwa hafugwi kwa pambo. Kazi yake ni kubweka tembo akikaribia mahindi, kufukuza nyani na kuchunga mbuzi. Kuwinda naye kuliharamishwa Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mlinzi kama huyo akivunjika mguu, mwenyewe amepata hasara, na mazoezi ya kuurudishia mguu nguvu nyumbani hayawezi kuitwa mchezo wa matajiri. Shida ni kwamba mazoezi huandikwa na yasifanywe. Historia ya tiba ya mifugo nchini inatuonyesha sababu: agizo hudumu likipachikwa kwenye kazi ambayo mfugaji angeifanya hata bila kuagizwa.

Tuchukue josho. Wakoloni walitunga sheria ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, na katika miaka ya 1970 serikali huru ikachukua usimamizi wa majosho yenyewe. Yalipokabidhiwa jamii katika miaka ya 1990, mengi yalikauka. Kupe walikuwa walewale na mfugaji yuleyule, ila sasa dawa ilikuwa ya kununua, maji ya kujaza shimo hayakuwa na mwenyewe, na safari ya kwenda joshoni ilikula siku nzima. Wengi hawakuacha kupambana na kupe. Walinunua bomba la mgongoni wakapuliza bomani, mifugo ikiwa tayari imefungiwa. Waliomwita mfugaji mkaidi hawakumtazama vizuri.

Fiziotherapia ya wanyama, inayoagiza mazoezi kama yale ya mguu wa mbwa, ilikulia kwingine. Uingereza iliiruhusu kwa amri ya mwaka 1962, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, na karatasi za mazoezi zilizotokana na desturi hiyo zinamfikiria mtu mwenye sebule na jioni isiyo na kazi. Ukizihamishia Kasigau jinsi zilivyo, zitaishia kuwashia moto. Lakini kiini chake kinahamishika. Mbwa akitembezwa polepole kwa kamba hulazimika kuukanyagia mguu mbovu, ilhali akikimbia huukunja akaenda kwa mitatu. Basi atembezwe hivyo kwenda kuteka maji bombani. Kupanda mteremko huhamishia uzito miguu ya nyuma, na mlima upo. Kukaa na kuinuka mara tano kabla ya kutupiwa ugali huimarisha mapaja, na chakula kinamkumbusha mwenyewe.

Wapo watakaosema kazi haina kipimo, na mbwa atajiumiza upya. Ni kweli, ndiyo maana kamba haiondolewi, na mteremko husubiri daktari athibitishe kwamba mfupa umeunga. Wengine watasema mbwa wa kijijini hana thamani ya taabu hiyo. Hao wanasahau kwamba mpango wa Kenya wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030 unategemea wenye mbwa haohao kuwaleta wachanjwe, angalau asilimia 70 kila mwaka. Basi daktari, kabla hujaandika idadi ya mizunguko, uliza nani huteka maji nyumbani hapo, na saa ngapi.