Mwiba wa Hantkenina

Wengi huijua Kilwa kwa masultani na misikiti yake ya mawe. Sisi ambao kazi yetu ni kuosha udongo tunaijua kwa mambo ya kale zaidi. Udongo wa mfinyanzi wa huko ulikuwa tope la chini ya bahari. Nikiuloweka na kuupitisha kwenye chekeche la mikroni 63, tope lote huondoka, zikabaki punje ninazoziokota moja moja chini ya hadubini kwa ncha ya brashi mbichi. Kila punje ni gamba la foraminifera, kiumbe wa seli moja, nalo ni angavu, mwanga unalipenya.

Uangavu huo ulisahihisha hesabu za dunia nzima. Tangu meli ya Glomar Challenger ianze kuchoronga sakafu ya bahari kuu mwaka 1968, wataalamu walipima joto la kale kwa oksijeni iliyomo kwenye magamba, wakapata kwamba bahari za tropiki za enzi ya Eosini zilikuwa baridi kuliko za leo, ilhali ncha za dunia zilikuwa na joto. Haikuingia akilini. Mwaka 2001, Paul Pearson, Mtanzania Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na wenzao walieleza sababu katika jarida la Nature: magamba ya bahari kuu yalikuwa yamejiunda upya katika maji baridi ya chini, lakini ya Tanzania yalihifadhiwa na udongo usiopitisha maji, yakabaki angavu. Nayo yalionyesha bahari yenye joto.

Kinachonigusa zaidi ni Hantkenina, mwenye mwiba ulio wazi ndani kwenye kila chumba cha gamba lake. Ilidhaniwa mwiba huo ulizuka ghafla. Mwaka 2014 Pearson na Helen Coxall walionyesha, kwa sampuli za Tanzania, kwamba ulikuja taratibu: babu yake Clavigerinella alikuwa na vyumba vyenye ncha nene kama rungu, ncha zikachongoka kizazi hadi kizazi, hadi zikawa miiba. Spishi ya mwanzo kabisa waliiita Hantkenina singanoi, kwa heshima ya Singano. Jenasi hiyo ilitoweka takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, barafu ilipoanza kuitawala Antaktika, na kutoweka kwake ndiko kunakotia alama mwisho wa Eosini na mwanzo wa enzi ya Oligosini.

Walimu wa biolojia, mnapofundisha mageuko ya viumbe, msiishie kwenye ndege wa Galápagos. Wafundisheni watoto na huyu wa Kilwa, na jina la Singano mlitaje.