Jamaa Aliyeliingiza Gitaa la Umeme Kwenye Hedifoni (Soma Kabla Hujanunua Zako)

Leo historia kidogo, maana mimi nilikaribia kuuza gitaa langu kwa kutoijua.

Zamani ukitaka ule mngurumo wa roki, ilibidi ufungulie amplifaya mpaka juu, jirani apende asipende. Sasa kuna jamaa mmoja Mmarekani, jina simtaji, wajuzi mtamjua tu. Kasoma uhandisi MIT, mchana yuko kazini Polaroid, usiku kajifungia chumba cha chini ya nyumba yake anarekodi. Kazi ile ndiyo ikazaa albamu ya kwanza ya bendi ya Boston, 1976, ikauza mamilioni ya kopi.

Mwaka 1982 akaja na Rockman. Kiboksi kidogo cha betri: huku unachomeka gitaa, huku hedifoni, basi. Kilikuwa kikali kiasi kwamba Def Leppard walikitumia studio kwenye albamu ya Hysteria ya 1987.

Ujanja ulikuwa wapi? Spika ya gitaa huwa inazikata zile sauti kali za juu kabisa. Hedifoni haikati kitu. Ukipitisha gitaa lenye distoshen moja kwa moja, unasikia nyuki ndani ya kopo. Rockman ilizipunguza sauti hizo kwanza. Mwaka 1998 Line 6 wakatoa POD, kifaa chekundu chenye umbo la haragwe, kikafanya kazi hiyo kidijitali: kinaiga amplifaya pamoja na spika yake. Hivi vya leo ni wajukuu wake.

Sasa sikia. Kama kifaa kimeshaiga spika, hedifoni kazi yake ni kusema ukweli tu. Zile za besi nzito zinaongeza chumvi. Utatengeneza sauti tamu chumbani, ukienda kwenye spika kubwa inakuwa nyembamba, unabaki kushangaa.

Kosa langu mimi lilikuwa lingine. Nilinunua za Bluetooth, tena kwa hela ya kujinyima. Nikipiga nyuzi, sauti inakuja baadaye. Miezi miwili najiona sina kipaji, nikatangaza gitaa nauza. Kumbe Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100. Hiyo ni sawa na kusimama mita 34 kutoka kwenye spika yako! Mshkaji akaniazima za waya, nikapiga, machozi kidogo yanitoke. Tangazo nikalifuta usiku ule ule.

Kwa hiyo chukua za waya. Unapanga chumba, kuta nyembamba? Zilizofungwa nyuma, kama Sony MDR-7506 iliyopo tangu 1991. Uko peke yako? Zilizo wazi nyuma zinapumua vizuri, ila sauti inavuja. Angalia na ohm: Beyerdynamic DT 770 Pro zipo za 32, 80 na 250, na za 250 kwenye kifaa kidogo zinaweza kutoa sauti ya chini. Usisahau adapta ya pini nene. Na sauti weka ya kiasi, masikio hayana spea.

Kabla hujasema huna kipaji, kagua kwanza waya. Wewe unatumia zipi? Tupia hapo chini, na kama umemjua yule jamaa, mtaje!