Mzee Ojwang': Msee Aliyefanya Sigor Mpaka Mombasa Icheke Lugha Moja

Kama umekulia Sigor, hii ya Chepalungu kule Bomet na si ile ya Pokot Magharibi, uliza mathe au buda wako swali moja tu: "Kitambo mlikuwa mnacheki nini kwa tivii?" Jibu halitachelewa. Vitimbi. Na ukitaja Vitimbi, umemtaja Mzee Ojwang'.

Wewe wa TikTok huenda unamjua kwa vile vipande vya video vinavyozunguka kwa WhatsApp. Tulia basi, tukupe stori yake yote.

Alikuwa nani?

Jina lake halisi ni Benson Wanjau Karira, mzaliwa wa 1937. Kwa skrini alikuwa Ojwang', na mashabiki wakamwongezea "Hatari". Hapa ndipo wengi hushtuka: jamaa hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ya ziwani, ukali ule wa mzee wa boma, vyote vilikuwa kazi. Miwani mikubwa, suruali ya sasipenda, kisha anafungua mdomo na umeisha.

Mama Kayai, bibi yake wa kwa skrini, jina lake ni Mary Khavere, na yeye pia si Mjaluo. Lakini ukiwacheki wawili hao wakigombana, ungeapa umewaona wakiishi Kisumu tangu zamani.

Aling'araje?

Wanjau aliingia kwa tivii mwanzoni mwa miaka ya 80, stesheni ikiitwa bado Voice of Kenya. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Mbali na Vitimbi, alionekana pia kwa Vioja Mahakamani, Vituko na Darubini.

Kumbuka wakati huo hakukuwa na rimoti ya kuhamahama. KTN, stesheni ya kwanza ya kibinafsi, ilianza 1990, na mwanzoni ilishikika Nairobi na viunga vyake tu. Ushago kwenye majani chai ulikuwa na chaneli moja. Tivii nyeusi na nyeupe, betri ya gari iliyobebwa mpaka kituoni ikachajiwe, antena juu ya mti, na nyumba ya jirani imejaa watoto sakafuni. Betri ikianza kuisha picha inajikunja, na hakuna anayetaka kutoka kabla Ojwang' hajamaliza kufoka.

Na kumbuka alifoka kwa Kiswahili. Shosho wa Kipsigis ambaye hakuenda shule alipata maneno yake mengi ya Kiswahili hapo hapo.

Mbona ni big deal?

Kwa sababu mambo ya kabila hapa kwetu si mchezo. Baada ya uchaguzi wa 2007, Bonde la Ufa lilichomeka, Kericho ikiwemo. Majirani walifukuzana. Na bado kwa skrini alikuwepo Mkikuyu anayecheza Mjaluo, akichekewa na Wakalenjin kama mzee wao wa nyumbani. Hatusemi Vitimbi ilizima moto. Tunasema ilionyesha kwamba watu wanaweza kutaniana bila kuumizana.

Ukimcheki vizuri utaona kwa nini ilikubalika: aliyechekwa kwa kawaida ni Ojwang' mwenyewe. Ujanja wake ulikuwa unamrudia, na Mama Kayai alikuwa mbele yake kila hatua. Siku hizi komedi nyingi za lafudhi hucheka kabila. Yeye alifanya tucheke mtu.

Mwisho wake

Hapa ndipo inauma. Karibu miaka 30 ya kuchekesha nchi nzima haikumletea utajiri. Macho yalianza kumsumbua, na Wakenya wakachanga pesa ili atibiwe. Aliacha kuigiza mwaka 2012. Tarehe 12 Julai 2015, siku ya Jumapili, alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akiugua nimonia. Mwaka huohuo ndio Kenya ilizima matangazo ya analojia na kuhamia dijitali. Zile antena za juu ya mti zikaenda naye.

Wewe unachukua nini?

Kama unarekodi skiti na simu hapo Sigor sokoni, jua hili: umaarufu haulipi rent. Waigizaji wa rika la Ojwang' walilipwa kwa kazi, kazi ikaisha, sura yao ikaendelea kuchekesha. Leo sheria ya hakimiliki ya Kenya inamtambua mwigizaji, na kuna chama cha kukusanya haki za wasanii waigizaji. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Uliza kipindi kikirudiwa, wewe unapata ngapi.

Halafu jioni moja, kaa na guka wako, umtafutie Vitimbi YouTube. Usicheki simu. Cheki uso wake.