Mnyama mwenzi wa farasi

Mnyama mwenzi wa farasi ni mnyama wa spishi nyingine anayefugwa pamoja na farasi ili farasi huyo asikae peke yake. Wanaotumika zaidi ni punda, mbuzi na kondoo. Ng'ombe, lama, paka na kuku hutajwa pia. Desturi hii imeenea hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako farasi wengi hufugwa mmojammoja na watu binafsi au hutengwa katika mabanda ya farasi wa mbio. Mwenzi bora wa farasi ni farasi mwingine. Mnyama yeyote anayeshika nafasi hiyo hupimwa kwa kadiri anavyoweza kuiziba, na kwa kadiri yeye mwenyewe anavyoweza kuishi vizuri humo.

Upweke wa farasi

Farasi ni mnyama wa kundi. Wanaoishi huru hukaa katika familia ya dume, majike kadhaa na watoto wao, na usalama wao hutokana na wingi wa macho na masikio. Hula nyasi kwa sehemu kubwa ya mchana na usiku, na huweza kusinzia wakiwa wamesimama. Usingizi mzito, hata hivyo, huwajia wakiwa wamelala chini tu, na kwa kawaida mmoja wa kundi hubaki amesimama akilinda. Farasi asiye na mlinzi husita kulala hivyo.

Anayetengwa hulia, huenda na kurudi kando ya ua, na wengine huacha kula. Akifungiwa bandani kwa muda mrefu huweza kuanza tabia za kujirudia: kuyumbisha kichwa na shingo kulia na kushoto mlangoni, kuzunguka bila kukoma, au kung'ata ukingo wa mbao huku akivuta hewa. Uchache wa nyasi huchangia tabia hizo, kwa hiyo mwenzi peke yake si dawa ya zote. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la kuweka vioo mabandani. Farasi waliokuwa na mazoea ya kuyumba walipunguza tabia hiyo walipoona taswira zao.

Jambo ambalo spishi nyingine hulikosa zaidi ni kukunana. Farasi wawili husimama wakielekeana, kila mmoja akimkuna mwenziwe kwa meno sehemu ambapo shingo inakutana na mabega. Claudia Feh na Jeanne de Mazières, waliochunguza farasi wa Camargue kusini mwa Ufaransa, walionyesha mwaka 1993 kwamba kukunwa mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo. Mbuzi hawezi kutoa huduma hiyo, wala kondoo.

Punda

Punda ndiye aliye karibu zaidi na farasi. Farasi ana kromosomu 64 na punda 62, na wakizaana hupata nyumbu. Ishara za masikio, mkia na mwili hufanana kiasi cha kueleweka pande zote mbili, na wapo punda na farasi wanaokunana. Punda pia ni mtulivu panapotokea kitu cha kushtua: husimama na kukitazama kabla ya kukimbia, na utulivu huo mara nyingi humtuliza farasi aliye jirani naye.

Mahitaji yake lakini si ya farasi mdogo. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na tumbo lake limezoea majani makavu yenye lishe ndogo. Katika malisho mazuri ya Ulaya hunenepa kupita kiasi na kupata ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato, unaomlemaza. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi, hivyo lazima awe na kibanda cha kujikinga.

Hatari inayojulikana zaidi ni minyoo ya mapafu. Punda huibeba bila kuonyesha dalili, akaiacha malishoni kupitia kinyesi. Farasi akiipata hukohoa kwa muda mrefu. Punda mgeni hupimwa kinyesi na kupewa dawa ya minyoo kabla ya kuingizwa malishoni. Dume asiyehasiwa hafai kuwa mwenzi, kwa kuwa hupanda farasi majike na huwa mkali.

Jambo linalopuuzwa sana ni kwamba punda naye hufunga urafiki mzito na punda mwenziwe. Akitenganishwa naye huweza kuacha kula, mafuta yakajaa katika damu, na akafa. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen na lenye kliniki ya punda Lamu tangu mwaka 1987, huwapatia punda makazi mapya wakiwa wawiliwawili. Mwenye farasi anayechukua punda mmoja kutoka kwa mwenziwe humtibu mnyama mmoja upweke kwa kumpa mwingine.

Katika Afrika Mashariki kuna tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na usubi na kuua farasi wengi wanaoambukizwa. Punda milia huihifadhi bila kuugua, na punda huambukizwa mara nyingi bila dalili. Hivyo huko suala la mwenzi huanzia kwenye chanjo ya farasi mwenyewe.

Mbuzi

Mbuzi ndiye mwenzi wa kawaida katika mabanda ya farasi wa mbio, kwa sababu zinazoeleweka. Ni mdogo, gharama yake ni ndogo, hukaa banda moja na farasi, na husafirishwa naye hadi uwanjani. Ni mdadisi na hazubai, hivyo humshughulisha farasi kuliko kondoo. Malishoni hupendelea vichaka na magugu ambayo farasi huyaacha. Minyoo mingi inayomdhuru farasi haimshiki mbuzi, na ya mbuzi haimshiki farasi, ingawa ipo michache inayowashika wote wawili.

Anayefaa zaidi ni beberu aliyehasiwa au mbuzi jike, na ni vizuri asiwe na pembe, kwani pembe huweza kutoboa jicho au tumbo hata wakati wa mchezo. Beberu asiyehasiwa ana harufu kali na hupiga vichwa. Beberu aliyehasiwa akilishwa nafaka nyingi hupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo, kwa hiyo asifikie ndoo ya farasi. Mbuzi wengine hutafuna mkia na ayali ya farasi hadi kubaki vipande.

Ua ndio taabu kubwa. Uzio wa mbao unaomtosha farasi humpitisha mbuzi, na wavu unaomzuia mbuzi huweza kunasa kwato za farasi. Wavu wa matundu madogo, yasiyopitisha kwato, huwafaa wote wawili. Seng'enge ya miiba haimfai farasi kamwe.

Mbuzi mmoja na farasi mmoja ni wapweke wawili waliokutanishwa. Mbuzi wawili hugharimu zaidi, lakini hutafuna na kucheua pamoja, na farasi huwa na mwenzi hata mmoja wao akipelekwa kwa daktari wa mifugo.

Kondoo na wengineo

Kondoo ni mpole, hula nyasi fupi baada ya farasi na hasumbui ua, ila ni mwoga na hujitenga. Ng'ombe humtosha farasi aliyemzoea, hasa katika mashamba makubwa. Lama humtisha farasi mwanzoni. Nguruwe humtisha zaidi. Ngamia, katika nchi za Ghuba na kwingineko, huweza kubeba vimelea vya sura, ugonjwa unaoenezwa na nzi wanaouma na unaomwua farasi. Kuku huchafua chakula kwa kinyesi. Paka ni rafiki wa bandani, si mwenzi wa malishoni.

Chakula

Hapa ndipo ajali mbaya hutokea. Monensini, dawa inayochanganywa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku, huharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo na haina kiuasumu. Chakula chochote cha mifugo mingine huhifadhiwa mbali na farasi. Kwa upande wa pili, chakula na madini ya farasi huwa na shaba ambayo huweza kumwua kondoo. Mbuzi huistahimili zaidi. Wanyama hulishwa mbalimbali, na wadogo huwekewa mlango ambao farasi hawezi kuupita.

Kuwakutanisha

Wanyama huanza kwa kuonana na kunusana kupitia ua kwa siku kadhaa au wiki mbili, kisha huwekwa pamoja katika uwanja mpana usio na kona za kumbana mdogo. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huweza kumwua mbuzi kwa teke moja. Anayekimbiza au kung'ata bila kukoma hapewi mwenzi mdogo.

Katika historia ya mbio

Godolphin Arabian, mmoja wa madume watatu walioasisi uzao wa farasi wa mbio wa Thoroughbred, alikuwa na paka aitwaye Grimalkin, anayeonekana katika picha za farasi huyo aliyekufa mwaka 1753. Seabiscuit wa Marekani alipewa kwanza mbuzi aitwaye Whiskers na mkufunzi wake Tom Smith, lakini farasi huyo akamrusha mbuzi nje ya banda. Alitulia alipopata farasi mwenziwe, Pumpkin, pamoja na mbwa na kima, na mwaka 1938 akamshinda farasi War Admiral uwanjani Pimlico.

Sheria

Kanuni za ulinzi wa wanyama za Uswisi, zilizoanza kutumika mwaka 2008, zinataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mnyama mwingine wa jamii ya farasi. Punda na nyumbu wanahesabika. Mbuzi na kondoo hawahesabiki.