Wavu wa heksahedra katika viungo vya mwili

Wavu wa heksahedra ni mgawanyo wa umbo la kiungo, kama vile goti au nyonga, katika vipande vidogo vyenye nyuso sita na pembe nane, ili kompyuta iweze kukokotoa jinsi mzigo unavyosambaa ndani yake. Kila kipande huitwa elementi, na pembe zake huitwa nodi. Wavu huo ni sehemu ya mbinu ya elementi zenye kikomo, iliyopewa jina hilo na mhandisi Mmarekani Ray Clough mwaka 1960. Mwaka 1972 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi iliyoitumia kuchunguza mfupa wa paja. Milinganyo yake sasa imezoeleka. Kinachomchosha mtafiti wa viungo hadi leo ni umbo.

Goti linaonyesha vizuri kwa nini. Gegedu linalofunika ncha za mifupa yake lina unene wa milimita 2 hadi 4 katika sehemu nyingi, na asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Mzigo ukishuka ghafla, kama mtu anaporuka ngazi, maji hayo hayapati muda wa kutoka, hivyo gegedu hubadilika umbo bila kupungua ujazo. Hapo ndipo elementi ya tetrahedra, yenye nyuso nne na nodi nne tu, inaposhindwa: haiwezi kujipinda bila kubadili ujazo, kwa hiyo inakakamaa, na modeli inatoa gegedu gumu kuliko lilivyo. Heksahedra yenye nodi nane, ikiambatana na fomula iliyoandaliwa kwa tishu za namna hii, hustahimili hali hiyo vizuri zaidi. Pia hupangika kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka kutoka kwenye mfupa hadi usoni, na msongo unaotokea katika unene wa gegedu unasomeka bila kuparaganyika.

Ugumu ni kuutengeneza wavu huo. Programu hujaza tetrahedra katika umbo lolote ndani ya dakika chache. Kwa heksahedra hakuna njia kama hiyo inayoaminika kwa kila umbo. Katika miaka ya 1990 William Thurston na Scott Mitchell walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba uso wa umbo lisilo na tundu, ukigawanywa katika pembenne ambazo idadi yake ni shufwa, huwa na wavu wa heksahedra ndani yake. Lakini uthibitisho huo ni wa mpangilio tu. Hauahidi kwamba elementi hazitajikunja kiasi cha kutofaa. Wapo wanaogeuza kila nukta ya picha ya CT kuwa mchemraba mmoja, na kwa undani wa mfupa njia hiyo inafaa. Kwenye uso wa kiungo inaacha ngazi ngazi, na shinikizo la mgusano linakwenda kombo.

Kwa sababu hiyo kazi kubwa hufanywa na mtu. Kutoka kwenye picha za MRI huchorwa mipaka ya kila tishu, kisha uso unalainishwa. Baada ya hapo mtafiti hupanga maboksi makubwa machache kuzunguka umbo, huyagawa, na kuzivuta nodi za nje ziulalie uso halisi. Vichwa viwili vya mviringo vilivyo mwishoni mwa mfupa wa paja ndivyo vinavyompima. Boksi moja likilazimishwa kuwa duara, pembe zake hufunguka karibu nyuzi 180 na elementi za hapo huharibika. Dawa yake ni kuweka boksi la mraba katikati na kulizungushia mengine manne, kama fundi anayejenga kisima cha mviringo kwa matofali na kuelekeza kila tofali kwenye kitovu.

Meniskasi hudai uangalifu wa pekee. Ni hilali mbili za gegedu zilizo kati ya mfupa wa paja na muundi, nene upande wa nje na nyembamba kama kisu upande wa ndani. Nyuzi zake nyingi za kolajeni hufuata mzingo wa hilali, na ndizo zinazozuia isisukumwe nje mtu anaposimama. Wavu mzuri hufuata mzingo huohuo, ili mwelekeo wa nyuzi uchukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye safu za elementi. Ukingo wa ndani hauachwi uishe kwenye sifuri: hubakizwa unene kidogo, la sivyo nyuso mbili zinagusana na elementi inakosa ujazo.

Ubora hupimwa kwa Jakobi, kipimo cha jinsi elementi ilivyopotoka kutoka kwenye mchemraba kamili. Thamani ikishuka chini ya sifuri, elementi imegeuka ndani nje, na moja tu ya namna hiyo inaweza kusimamisha ukokotoaji wote. Kisha elementi hufanywa ndogo zaidi na hesabu kurudiwa mpaka majibu yaache kubadilika. Matokeo ya msongo ambayo hayajapitia jaribio hili hayastahili kumfikia daktari wa upasuaji.

Mradi wa Open Knee, ulioongozwa na Ahmet Erdemir katika Cleveland Clinic huko Marekani, ulitoa bure modeli ya goti la kulia la mwanamke marehemu wa miaka 70, ikiwa na wavu wa heksahedra uliotengenezwa kwa programu ya TrueGrid na kukokotolewa kwa programu ya FEBio. Chuo Kikuu cha Iowa nacho kilitangaza mwaka 2009 programu ya bure ya IA-FEMesh, inayofuata mtindo wa maboksi. Mwaka 2016 watengenezaji wa FEBio walionyesha kwamba tetrahedra zenye nodi 10 zinaweza kutoa matokeo ya kuaminika hata kwenye mgusano wa magegedu. Mifupa, ambayo ni migumu mno ikilinganishwa na gegedu, mara nyingi huchukuliwa kuwa haipindi kabisa na kubakiziwa uso tu. Lakini kwenye gegedu lenye matabaka na meniskasi yenye nyuzi, watafiti wengi bado hukaa chini kupanga maboksi.